Kaunti Ipi, Msimu Upi? Mjadala Kuhusu Vigezo vya Amri

Kila mwezi Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa taarifa ya hali ya ukame kwa kaunti 23 kame na nusu kame za Kenya, Kitui na Makueni zikiwamo. Kando ya taarifa hizo rasmi kuna uchambuzi mwingine mwingi wa idara za kaunti, mashirika na wanafunzi wa vyuo, na kazi yenyewe haibadiliki sana: pakua data ya mvua, ikate kwa mipaka ya kaunti, ilinganishe na wastani wa miaka mingi, chora grafu, andika jedwali. Kazi ya namna hii hairudiwi kwa mkono. Huandikiwa skripti.

Sasa skripti ikishaandikwa, itajuaje kwamba leo ni zamu ya Makueni wala si Kitui? Itajuaje kwamba tunauliza habari za vuli, si masika? Wengi huliona swali hili kuwa dogo, la mafundi. Mimi naliona kubwa, kwa sababu hapo ndipo ujuzi wa mtu unapoingia kwenye mashine, na ukiingia vibaya ripoti hutoka safi, yenye grafu za kupendeza, ikizungumzia mahali pengine.

Hoja zinazosikika mara kwa mara katika kazi hii nimezigawa kwa sauti tatu nilizozitunga. Mchambuzi ni kijana wa mji wa Wote, Makueni, anayeandika kwa lugha ya R. Mhandisi ni dada wa Kitui mjini anayesimamia seva. Afisa ni mama anayezisoma ripoti na kuzitia sahihi. Yeye haandiki skripti. Pale niliposhindwa kunyamaza nimeingia mwenyewe.

MHANDISI: Ndugu yangu, kazi yako ni nzuri, ila kila nikifungua skripti yako nakuta juu kabisa umeandika jina la kaunti kwa mkono. Ukitaka nyingine unafuta, unaandika upya, unahifadhi, unaendesha. Kesho mwenzako anataka Mwingi North, naye anafuta. Mwisho wa mwezi hakuna anayejua skripti ilikuwa na nini siku ripoti ilipotoka. Skripti iache kama ilivyo, uiambie unachotaka kwenye amri yenyewe, 017 ikiwa Makueni na OND ikiwa Oktoba hadi Desemba:

Rscript ripoti.R --kaunti 017 --msimu OND --mwaka 2024

MCHAMBUZI: Dada, hayo ni mazuri kwako wewe unayeshinda kwenye terminali. Wenzangu hapa hufungua RStudio na kubonyeza kitufe. Amri ndefu hukosewa herufi. Tena R peke yake haielewi hiyo «--kaunti» ni nini; commandArgs() hukupa orodha ya maneno tu, mpaka uongeze kifurushi kama optparse ndipo ijue neno lipi ni jina la kigezo na lipi ni thamani yake. Kwa nini nijitese? Ninaweka faili la mipangilio, ninaandika kaunti, msimu na mwaka, na maelezo pembeni ili anayekuja asome aelewe.

MHANDISI: Na ukitaka mara nyingi? Mvua zilikosekana au kupungua vibaya misimu mitano mfululizo, tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022. Serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba 2021, na misimu mibaya ikaendelea hata baada ya hapo. Kitui ina maeneo bunge 8, Makueni 6. Ukitaka kila eneo bunge kwa kila msimu kati ya hiyo mitano, unaendesha mara 70. Utalihariri faili lako mara 70?

MCHAMBUZI: Sitalihariri. Nitaizungusha ndani ya skripti yenyewe.

MHANDISI: Nayo ya 43 ikikwama kwa sababu faili moja halikupakuliwa lote, zote zilizo nyuma yake zinakufa nayo. Mimi mzunguko wangu uko nje. Kila eneo na msimu ni amri yake. Moja ikianguka naiona kwa jina, narudia hiyo moja, nyingine zinaendelea.

AFISA: Vijana, kabla hamjaendelea, nielezeni mimi nisiye fundi. Hayo maneno mnayoyaandika kwenye mstari, mashine inayapokeaje?

MHANDISI: Kwa urahisi mno, Mama, na urahisi huo ndio wenye shida. Ganda la amri husoma mstari wako, linaukata kila penye nafasi, na vipande hivyo linaikabidhi programu kama orodha ya maneno. Kwa Python orodha hiyo huitwa sys.argv, na kipande chake cha kwanza ni jina la skripti yenyewe. Kila kipande ni maandishi matupu. Hakuna kilichoandikwa kwamba hiki ni namba, hiki ni tarehe, hiki ni mahali. Kwa hiyo ukiandika Mwingi North bila alama za kunukuu, skripti haipati eneo bunge moja. Inapata maneno mawili, Mwingi na North, na la pili linaweza kuangukia mahali palipotengewa msimu.

MCHAMBUZI: Hapo nakuunga mkono, na majina ya wadi ni mabaya zaidi. Tuna Kithungo/Kitundu kule Mbooni, na Nzaui/Kilili/Kalamba. Kwenu kuna Zombe/Mwitika na Endau/Malalani. Skripti ikitumia jina la wadi kuunda jina la faili la matokeo, kompyuta inaona ule mkwaju na kudhani Nzaui ni folda, ndani yake folda nyingine iitwayo Kilili, na Kalamba ndilo faili. Folda hizo hazipo, basi kazi inasimama.

AFISA: Hilo likisimama nitaambiwa. Ninaogopa lile lisilosimama.

Nami naogopa hilo hilo, na kuna mfano mmoja unaozigusa kaunti hizi mbili kwa namna ambayo hata mtu akitaka kuibuni hawezi. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Kwanza, imezipanga kaunti 47 kwa namba. Kitui ni ya 15, Machakos ya 16, Makueni ya 17. Katika orodha za uchaguzi namba hizo huandikwa kwa tarakimu tatu: 015, 016, 017. Mwandishi wa skripti anayejali huona kwamba watu wengine wataandika 17 na wengine 017, kwa hiyo anaweka mstari wa kusawazisha ili zote ziwe na tarakimu tatu. Katika Bash mstari huo huandikwa hivi, na matokeo yake ni haya:

printf "%03d" 17 huleta 017

printf "%03d" 017 huleta 015

Someni tena mstari wa pili. Ameingiza Makueni, imetoka Kitui.

MHANDISI: Kwa sababu sifuri ya mbele, kwa desturi iliyotoka kwenye lugha ya C, huiambia Bash kwamba namba inayofuata imeandikwa kwa msingi wa nane. Moja na saba kwa msingi huo ni nane moja na saba, yaani kumi na tano. Ukiiletea 015 ya Kitui, inakupa 13, ambayo ni Tharaka-Nithi. Machakos ya 016 inakuwa 14, nayo ni Embu.

MCHAMBUZI: Na hailalamiki?

MHANDISI: Ilalamike nini? 015 ni kaunti halali, data yake ipo, mipaka yake ipo. Italalamika ukiiletea Wajir ya 008 au Mandera ya 009, kwa kuwa msingi wa nane hauna tarakimu 8 wala 9. Ndiyo maana skripti nyingine hupita Januari hadi Julai bila tatizo, kisha hugoma mwezi wa 08 ukifika. Huko kugoma ni heri. Kwa Makueni hakuna kugoma.

AFISA: Ngoja nielewe. Kichwa cha ripoti kingesema nini?

MHANDISI: Kama kichwa kimechukuliwa kwenye ulichoandika na data imechukuliwa kwenye namba iliyosawazishwa, kichwa kingesema Makueni. Mvua ingekuwa ya Kitui.

AFISA: Nami ningetia sahihi. Hizi ni kaunti jirani, zote kame, vuli ikipungua huku mara nyingi imepungua na kule. Ningeyatazama yale makadirio nikayaona ya kawaida kabisa. Wala nisingekuwa na sababu ya kuuliza.

MCHAMBUZI: Kwa R na Python hilo halitokei. as.integer("017") hunipa 17, na int("017") vilevile.

MHANDISI: Kweli, lakini kwako kuna jingine. Ukisoma jedwali la kaunti kwa pandas au ukalifungua kwa Excel, safu ya 017 inageuzwa kuwa namba na sifuri inapotea. Kisha unalinganisha «017» iliyotoka kwenye amri na 17 iliyotoka kwenye jedwali, hazifanani, na skripti inakuambia Makueni haina data.

MCHAMBUZI: Dawa ni nini? Mimi naona tuache namba, tuandike majina.

MHANDISI: Mimi naona namba ibaki, ila itendewe kama jina. Isijumlishwe, isisawazishwe, isigeuzwe. Isomwe kama maandishi tangu kwenye amri hadi kwenye jedwali, na ilinganishwe na orodha ya kaunti zinazokubalika. Argparse ya Python ina nafasi ya kuorodhesha thamani halali. Ukiandika isiyokuwamo, inakataa kabla haijagusa data. Na mtu akilazimika kuihesabu katika Bash, aandike 10# mbele yake ili ihesabiwe kwa msingi wa kumi. Wala si kila chombo kina ukali huo. Make, iliyoandikwa na Stuart Feldman kule Bell Labs mwaka 1976, bado inatumika kuendesha kazi za data. Ukiiandikia KAUTNI=017 badala ya KAUNTI=017 haikuulizi neno; inaipokea KAUTNI isiyotumika popote, kisha inaendelea na kaunti iliyokuwa ndani ya faili.

Hapo mjadala unafika kwenye kiini, yaani thamani inayotumika pale mtu asipotaja kitu. Mafundi huiita chaguo-msingi.

MCHAMBUZI: Sikatai ukaguzi. Ninachokataa ni kumlazimisha mtu aandike kila kitu kila siku. Sisi huku kazi yetu ni Makueni. Asipotaja kaunti, ichukue Makueni. Asipotaja msimu, ichukue Machi hadi Mei, maana ndizo mvua ndefu.

AFISA: Hapana, mwanangu. Hapo umekosea, na si kosa la kompyuta. Ukambani mvua tunazozitegemea ni za Oktoba hadi Desemba. Zile za Machi huitwa ndefu kwenye vitabu, lakini mkulima wa Mutomo au Kathonzweni haweki tumaini lake lote huko. Ukiniletea ripoti ya masika nikiwa nataka kujua kama ndengu na mahindi ya vuli yamekufa, umeniletea jibu la swali ambalo sikuuliza.

MCHAMBUZI: Basi tuweke OND iwe chaguo-msingi.

AFISA: Kisha skripti hiyo ichukuliwe na mtu wa Trans Nzoia, ambaye mahindi yake huingia shambani Machi na Aprili, naye apewe vuli. Ukimtuma mtoto dukani bila kumwambia alete nini, akirudi na sukari huwezi kusema umemtuma sukari. Amekisia.

Mama amelisema nililotaka kulisema. Chaguo-msingi la msimu limebeba jiografia ya aliyeliandika. Aliyekulia penye msimu mmoja mrefu huona masika kuwa jambo la kawaida lisilohitaji kutajwa, na skripti yake ikifika Kitui inakuja na mashamba ya kwao. Hakuna mstari wenye kosa ndani yake. Majaribio yote yatapita. Kosa liko katika kitu ambacho mtu hakuandika, na hakuna chombo cha kutafuta makosa kinachoweza kukiona.

MHANDISI: Kwangu sheria ni fupi. Mahali na wakati havina chaguo-msingi. Usipovitaja, skripti inasimama na kukueleza namna ya kuvitaja. Chaguo-msingi liwe kwa yale ambayo yakikosewa mtu anayaona papo hapo: folda ya matokeo, aina ya faili la grafu, lugha ya kichwa.

MCHAMBUZI: Folda pia uichunge. Skripti inayofuta matokeo ya zamani kwa rm -rf "$FOLDA"/* ikiendeshwa bila FOLDA kutajwa, inajaribu kufuta kuanzia kwenye mzizi wa seva.

MHANDISI: Ndiyo maana juu ya kila skripti yangu kuna set -u. Kigezo kisichokuwepo kinaisimamisha.

MCHAMBUZI: Sawa, mahali na wakati nimewaachia. Lakini msije mkapeleka kila kitu kwenye amri. Data ya mvua ya CHIRPS, ile ya Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara, inaanzia 1981, kwa vipande vya nyuzi 0.05, kama kilomita tano na nusu kila upande. Nikisema vuli hii iko chini ya wastani, ni wastani wa miaka ipi? Nikichukua 1981 hadi 2010 napata jibu moja. Nikichukua 1991 hadi 2020 naweza kupata jingine, kwa mvua ile ile. Au tazama fahirisi ya uoto, VCI. Taarifa za ukame huhesabu 35 hadi 50 kuwa kawaida, 20 hadi 35 upungufu wa wastani, 10 hadi 20 mkali, na chini ya 10 wa kupindukia. Mnataka hiyo 35 iwe kigezo cha amri? Mtu aandike --kizingiti 30 usiku mmoja, na wadi iliyokuwa kwenye upungufu ionekane nzima, bila alama yoyote kubaki kwenye skripti?

Nilikuwa upande wa Mhandisi tangu mwanzo, lakini hoja hii ni ya Mchambuzi na ameshinda. Kizingiti na kipindi cha kulinganisha ni makubaliano. Yamejadiliwa na watu wengi, na kuyabadili kunahitaji watu hao hao wajue. Makao yake ni faili la mipangilio lililohifadhiwa kwenye Git, ambako kila badiliko lina tarehe, jina la aliyelifanya na sababu yake. Amri ni mahali pa swali la leo: kaunti ipi, msimu upi, mwaka upi. Anayechanganya viwili hivi hujikuta akibadili kanuni kila anapouliza swali, au akihariri kanuni ili tu aulize swali.

MHANDISI: Nakubali. Nami niongeze kimoja kisichofaa kuwa kwenye amri wala kwenye faili la Git: nenosiri. Anayevuta takwimu za afya kutoka mfumo wa DHIS2, ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, huhitaji jina na nenosiri. Akiliandika kwenye mstari wa amri, linabaki kwenye historia ya ganda, na skripti ikiwa inaendeshwa, mtumiaji mwingine wa seva hiyo anaweza kuliona kwa amri ya ps. Liwekwe kwenye faili linalosomeka na mwenyewe tu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Haitakuwa utetezi kusema hukujua ps inaonyesha nini.

AFISA: Sasa mimi ninaomba langu. Mmebishana vigezo viingie wapi. Mimi sivioni vikiingia. Ninaona karatasi. Nikiipokea ripoti, na miezi mitatu baadaye gavana au mkulima akaniuliza imetoka wapi, nimjibu nini?

MCHAMBUZI: Mama, amri iko kwenye historia ya kompyuta yangu.

AFISA: Na ukihamishwa? Kompyuta ikiibwa?

MHANDISI: Basi tuiandike kwenye ripoti yenyewe. Chini ya jedwali la kwanza, mstari mmoja unaoandikwa na skripti, si na mtu: amri kamili kama ilivyopokelewa, toleo la skripti kwenye Git, tarehe data ilipopakuliwa, kipindi cha kulinganisha.

AFISA: Ongeza na kaunti, kama skripti ilivyoielewa. Nisione 017 peke yake. Nione 017, na mbele yake jina lililosomwa kwenye faili la data lenyewe. Nikiona 017 na Kitui pamoja, sitii sahihi.

MCHAMBUZI: Hiyo ingelikamata lile kosa la msingi wa nane.

AFISA: Ingelikamata, na mimi sijui hata huo msingi wa nane ni nini.

Jambo hilo la Afisa ndilo ninaloona limepuuzwa zaidi katika skripti za kazi hii. Tunatumia muda mwingi kuchagua kati ya optparse na argparse, kati ya faili la YAML na mstari wa amri, na tunamsahau mtu wa mwisho. Wadi za Kitui ni 40, za Makueni 30, na ripoti ya ukame husaidia kuamua ni ipi kati yake itafikiwa kwanza. Watakaosubiri maji au chakula hawatafungua terminali. Msomaji wa ripoti ndiye mkaguzi wao wa pekee, naye hukagua kile tu kilichochapwa mbele yake. Skripti inayoficha ilichoambiwa imemnyang'anya kazi hiyo, hata kama hesabu zake zote ni sahihi.

Kwa hiyo ninawaomba wenzangu mnaoandika na kuendesha skripti hizi, Wote, Kitui, Mwingi, Kibwezi na kwingineko: chukueni ile mnayoitumia kila mwezi na muiendeshe leo bila kigezo hata kimoja. Ikikataa na kuwauliza kaunti na msimu, iko salama. Ikiwaletea ripoti iliyokamilika, irekebisheni kabla mvua za Oktoba hazijaanza.